Kila Saa Sita Kule Idete

Ninyi mnaoingia kazini sasa mnalikuta bomba la sindano limekwisha kuchemshwa, na chupa ya dawa ina maandishi ya mashine ubavuni. Si vibaya. Lakini anayekuta chakula tayari husahau kuuliza nani aliyetwanga. Mimi niliyestaafu mwezi uliopita, baada ya kuwa dresa, mfunga vidonda na mchoma sindano, katika bonde hili la Kilombero tangu kabla ya vita, nimeombwa na wenzangu wa Ifakara niandike kidogo juu ya kutwanga huko. Nitaandika niliyoyaona. Niliyoambiwa nitasema kwamba niliambiwa. Juu ya vyeo na mishahara sitaandika lolote: vyeo vilikuwa vichache, na mishahara haitoshi kujaza ukurasa.

Siku yangu ya kwanza sikupewa dawa wala mgonjwa. Mzee Apolinari, dresa mkuu aliyenifundisha kazi, alinipa sindano butu na jiwe la kunolea, akasema, "Noa." Nilinoa tangu asubuhi hadi adhuhuri. Kila nilipodhani nimemaliza, aliichukua sindano, akaipitisha ncha yake polepole juu ya kipande cha pamba. Unyuzi mmoja ukinaswa, alinirudishia. "Pamba ikilia, mgonjwa atalia," alisema. Mara ya saba pamba ilinyamaza. Nilitazamia sifa, nikapewa sindano ya pili.

Siku ya pili nilipewa daftari. Mwanamke mmoja alileta mtoto, akasema kwamba mtoto ameharisha damu. Nikaandika kwa mwandiko wangu wa shule: Ameharisha damu. Apolinari alisoma juu ya bega langu.

"Umeiona damu?"

"Hapana, Mwalimu. Mama yake amesema."

"Basi wewe umeambiwa. Hapa hatutibu habari, bwana mdogo. Tunatibu watu."

Akachukua rula, akapiga mstari katikati ya ukurasa. Upande wa kushoto aliandika Nimeona. Upande wa kulia, Nimeambiwa. Tangu siku ile hadi mwezi uliopita sikupata kuandika ukurasa usio na mstari huo. Wenzangu walinicheka, na wagonjwa waliniona kuwa mtu mkavu. Sikujali. Bonde letu lina maji mengi na maneno mengi zaidi, na nimeona maneno yakiua watu ambao maji yaliwaacha.

Sasa ni lazima mjue hali ilivyokuwa, ili mpate kuelewa ilivyogeuka. Miaka ile ya mwanzo matibabu yote ya maana yalikuwa Ifakara, na aliyeyataka alipaswa kuyafuata. Mtu wa Idete au wa Mngeta aliyeshikwa na ugonjwa wakati wa masika alilazwa ndani ya mtumbwi, au katika machela mabegani mwa ndugu zake, na safari yenyewe ilikula nguvu alizokuwa amebaki nazo. Tuliwapokea mlangoni wakiwa wamechelewa, kisha tukawauliza kwa ukali mbona wamechelewa. Mimi mwenyewe niliuliza swali hilo mara nyingi, na leo linanitia aibu.

Na tuliowapokea, tuliwapa nini? Kwinini, chumvi ya haluli ya kuendesha tumbo, na maji ya zambarau ya kuoshea vidonda. Watoto wenye buba nilikuwa nawaosha miezi na miezi, na kidonda kilipofunga gotini kingine kilifunguka kisiginoni.

Kisha ikaja penisilini. Nimesoma vitabu vya kutosha nisiwe mwepesi wa kutumia neno muujiza, nami silitumii hapa. Naandika tu niliyoyaona. Mtoto mwenye buba usoni na miguuni, ambaye nzi hawakumpa nafasi ya kufumba macho, alichomwa sindano moja matakoni siku ya Jumatatu. Jumatatu iliyofuata alikuja kwa miguu yake, vidonda vimekauka kama magamba ya mti, na chini ya magamba ngozi mpya, laini, ya rangi ya utoto. Mama yake alipitisha kidole pale palipokuwa na donda, akakirudisha, akakipitisha tena. Mimi nilikwenda nyuma ya jengo nikasimama peke yangu kitambo. Miaka yote ile ya kuosha! Kisha nikarudi nikaandika, upande wa kushoto.

Mwanzoni mwa miaka hii ya hamsini ndipo utaratibu ulipobadilishwa. Iliamuliwa kwamba dawa iende kwa mtu, badala ya mtu kuifuata dawa. Zahanati zikajengwa vijijini, kila moja ikapewa dresa wake, nasi madresa tukaruhusiwa kuchoma penisilini bila daktari kusimama karibu. Daktari msimamizi, Mzungu mmoja mwenye bidii, alituzungukia kila alipoweza, na baina ya ziara zake tuliandikiana barua zilizochukuliwa na tarishi kwa baiskeli, na mahali pa maji kwa mtumbwi. Nilipelekwa Idete. Zahanati yangu ilikuwa na kuta za udongo, paa la bati, meza, kabati lenye kufuli, na jiko la mafuta ya taa ambalo halikuwaka pasipo kubembelezwa.

Habari ninayotaka hasa kuwaachia ni ya masika ya pili nikiwa pale.

Kulikuwa na mkulima wa mpunga, jina lake Kanisius, kijana mpole mwenye kusema kidogo. Mkewe Leokadia alijifungua mtoto wa kike, uzazi wao wa kwanza. Mkunga alikuwa bibi yake Leokadia mwenyewe, mzaa mama, aitwaye Bibi Agata, ambaye mikono yake ilikuwa imepokea nusu ya kijiji. Siku ya tatu Leokadia akashikwa na homa ya uzazi. Nilipofika alikuwa anatetemeka hata kitanda cha kamba kikilia, na tumbo halikutaka kuguswa.

Homa hiyo niliijua. Katika miaka yangu ya zamani niliiona mara nyingi, na mara chache mno nilimwona mama akiinuka baada yake. Penisilini niliyokuwa nayo ilikuwa ile ya mafuta, ya buba, ambayo haina kasi ya kutosha homa hii. Nilimwandikia daktari siku hiyo hiyo, na kesho kutwa yake asubuhi tarishi akarudi, matope hadi kiunoni, na boksi la penisilini ya unga, ya kuyeyusha kwa maji yaliyochemshwa, ambayo sikuwa nimepata kuitumia. Pamoja nayo ilikuja barua. Daktari aliandika Kiswahili chake mwenyewe, naye alijivunia kutotumia mkalimani. Kipimo kilielezwa vizuri, na chini yake: Mchome kila saa sita.

Nikasoma mara mbili, kama nifanyavyo. Kila saa sita. Saa sita ya mchana na saa sita ya usiku. Maneno yalikuwa wazi, tena yameandikwa, tena yametiwa sahihi. Nikaanza.

Na dawa ilifanya kazi! Nilichoma adhuhuri, na saa nane nilirudi na kipimajoto, maana Apolinari alinifundisha kupima baada ya dawa ili kuona nguvu yake. Joto limeshuka. Kesho yake vilevile: limeshuka. Niliandika upande wa Nimeona, tarakimu zikateremka vizuri ukurasani. Mama aliyekuwa akiungua anatoa jasho, anaomba uji, anamtazama mtoto wake. Na kilichoyatenda hayo ni unga mweupe usiojaza kijiko cha chai. Nilitembea kurudi zahanati kando ya majaruba ya mpunga nikihesabu kimoyomoyo wanawake niliowaona wakizikwa kwa kukosa kijiko hicho.

Siku ya tatu Kanisius alinifuata zahanati. Alivua kofia.

"Shikamoo, Bwana Dresa."

"Marahaba. Mgonjwa je?"

"Nimekuja kuomba ruhusa. Tumetengeneza machela. Tunataka kumpeleka Ifakara."

Nilimwonyesha daftari. Nilimweleza tarakimu moja moja, siku hadi siku. Nilimwambia kwamba dawa ya Ifakara ndiyo hii hii, na kwamba maji yamefunika njia, na kwamba akimtia mkewe katika mtumbwi siku nzima huenda akamfikisha maiti. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole uleule:

"Bwana Dresa, daftari lako ndilo linalopona. Mke wangu haponi."

Nilimjibu kwamba yeye si dresa. Alivaa kofia, akaenda. Machela hawakuiondoa, waliiegemeza ukutani mwa nyumba ambapo ningeiona kila nikiingia.

Siku ya nne nilimkuta Bibi Agata penye kitanda, miguu ameinyoosha sakafuni, anasuka ukili, ukanda mrefu wa majani ya ukindu. Katika ukoo wao ni desturi kwamba mkunga husuka ukili katika siku ambazo mzazi yumo ndani, na ukili huo hushonwa mkeka wa mtoto. Alimwita Leokadia mke mwenzangu, na Kanisius aliitwa naye mume wangu, kwa utani wa mabibi na wajukuu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Dawa yako inachoka mapema."

"Inachokaje?"

"Ukiondoka, mke mwenzangu anapoa. Jua likiinama anachemka tena. Hata usiku, baada ya wewe kupita, anapoa. Jogoo akiwika anachemka. Dawa yako ni kama huyu mume wangu shambani: inaanza vizuri, halafu inatafuta kivuli."

Kanisius alicheka kidogo kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Mimi sikucheka. Nilikuwa na tarakimu mfukoni.

"Bibi, mimi nimepima. Usiniletee maneno ya kuambiwa."

Mikono yake ikasimama. "Kuambiwa? Nimeambiwa na nani, mwanangu? Aliyeniambia ni kitanga hiki." Akakiinua kiganja chake mbele ya uso wangu. "Kimelala juu ya tumbo lake tangu siku ulipoanza. Chako kilikuwa wapi?"

Nilimpa Leokadia sindano yake, nikarudi zahanati, na kwa kuwa mimi ni mtu wa utaratibu nikaandika neno la bibi katika daftari: Homa hurudi jioni na alfajiri. Niliandika upande wa kulia, chini ya Nimeambiwa.

Siku ya tano nilipoingia adhuhuri Leokadia hakugeuza kichwa. Macho yalikuwa yameingia ndani, na maziwa yalikuwa yamemkauka. Mtoto alikuwa kwa jirani anayenyonyesha. Nje, Kanisius na wanaume watatu walikuwa wanafunga upya kamba za machela, wala hawakunisalimu. Nilichoma. Nilikaa juu ya kinu kilichopinduliwa kusubiri saa nane, na kwa kuwa sikutaka kutazama uso wa mgonjwa wala uso wa mtu yeyote, nikautazama ukili.

Ulikuwa umerundikwa kando ya Bibi Agata, mrefu sasa, kipande cha siku tano za dawa. Nikaona kwamba una rangi. Kanda nyeupe, kanda nyekundu, kanda nyeupe, kanda nyekundu.

"Bibi, mbona umeuchanganya ukindu?"

"Macho yangu hayajui kalamu," alisema. "Akipoa nasuka mweupe. Akichemka nachomeka mwekundu. Nilitaka nimwonyeshe mtoto akikua, mama yake alivyomhangaikia."

"Hata usiku unasuka?"

"Mimi na usingizi tumeachana zamani. Tena mkono hauhitaji taa."

Niliinuka, nikauchukua mwisho wa ule ukili, nikaunyoosha kutoka kitandani hadi mlangoni penye mwanga. Wanaume waliacha kamba zao wakatazama. Bibi alinionyesha kwa kidole cha mguu: hapa ndipo ulipochoma mara ya kwanza, hapa jua lilipozama, hapa ulipokuja usiku, hapa jogoo. Nikatoa daftari langu, nikalinganisha. Kila tarakimu niliyoandika ilikuwa kweli. Na kila moja iliangukia penye kanda nyeupe. Kwa siku tano nilikuwa nimelipima joto saa zile tu ambazo dawa ilikuwa ndani ya damu, halafu nikaenda zangu nikifurahi.

Kanda zote zilikuwa karibu sawa kwa urefu. Nyeupe, tangu adhuhuri hadi jua kuzama. Nyekundu, tangu jua kuzama hadi nije usiku. Nilihesabu saa kwa vidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Sita. Sita. Sita. Sita.

Nilikwenda zahanati nikikimbia, jambo ambalo watu wa Idete hawakuwa wamelishuhudia, nikafungua kabati. Ndani ya boksi la penisilini kulikuwa na karatasi ya Kiingereza iliyokunjwa mara nyingi, ambayo sikuifungua, kwa kuwa nilikuwa na barua ya daktari. Kiingereza nakisoma. Karatasi ilisema kwamba dawa hiyo haikai mwilini, nayo itiwe upya kila baada ya saa sita kupita. Daktari alitaka kuandika kila baada ya saa sita. Lile neno baada alilisahau njiani, baina ya lugha yake na yetu. Alikusudia mara nne. Mimi nikasoma mara mbili.

Nilirudi nikawaambia wote waliokuwapo, waziwazi, kwamba dawa ilitakiwa mara nne na mimi nilitoa mara mbili. Nilimwambia Kanisius kwamba akitaka kuondoka na mkewe sasa sitamzuia, na nitafuatana nao mtumbwini na bomba langu. Lakini akinipa siku mbili, nitakaa pale pale kitandani wala sitatoka. Alimtazama Bibi Agata.

"Mume wangu," bibi alisema, "mtu aliyeona kosa lake mwenyewe hatalirudia leo. Labda kesho kutwa. Mwache akae."

Nilikaa. Jikoni kwao nilichemsha bomba na sindano katika sufuria yao. Nilichoma jua lilipozama, kisha usiku, kisha alfajiri, kisha adhuhuri, na kila mara kabla ya kuchoma nilipima. Bibi aliweka kitanga chake kwanza, akasema neno lake. Kisha mimi nikatia kipimajoto. Hatukutofautiana hata mara moja. Siku ya kwanza kanda nyekundu ikawa fupi kama shubiri. Siku ya pili, kama upana wa kidole. Siku ya tatu asubuhi Bibi Agata aliushika ukindu mwekundu mkononi, akangoja. Jogoo aliwika. Jua likapanda juu ya mpunga. Kitanga kilikuwa tumboni, na sote tukakitazama kile kitanga.

"Hakuna," alisema, akautupa ule ukindu mwekundu nje ya mlango. Kuku wakaukimbilia wakidhani ni chakula.

Leokadia akafumbua macho, akasema kwa sauti ndogo yenye hasira, "Mtoto wangu yuko kwa nani?"

Sijasikia tangu siku hiyo swali zuri kuliko hilo. Kanisius alikwenda kumleta mtoto; alipita kando ya machela, akaiangusha kwa bega, na hakugeuka kuiinua.

Daktari alipokuja katika ziara yake nilimweleza yote, nikamwekea barua yake na daftari langu mezani pamoja. Alisoma, masikio yakawa mekundu. "Neno dogo," alisema. Nikamjibu, "Dogo, Bwana Daktari, na mimi nililisoma kwa kiburi kikubwa." Tangu hapo barua zake zote kwa zahanati za bonde zilichorwa pembeni: jua likichomoza, jua utosini, jua likizama, na mwezi. Aliyepaswa kuchoma mara nne aliwekewa alama penye vyote vinne. Nanyi mnaoitumia michoro hiyo hadi leo mlidhani imewekwa kwa ajili ya wasiojua kusoma. Iliwekwa kwa ajili yangu.

Kuna watakaosema kwamba katika wodi ya Ifakara kosa lile lisingetokea. Ni kweli, nami sibishi. Lakini Leokadia asingefika wodini. Na kama angefika, Bibi Agata angeachwa nje ya mlango na ukili wake, kwa maana sisi tuliamini kwamba jamaa wa mgonjwa huleta uchafu na maneno. Utaratibu mpya ulileta dawa Idete. Hilo kila mtu analisifu. Mimi nasifu na jambo la pili, ambalo hakuna aliyelipanga: uliiweka dawa mahali penye macho. Nimekuwa kazini miaka mingi, na kitu cha ajabu nilichokiona si ule unga mweupe peke yake. Ni ule unga na kile kitanga katika chumba kimoja.

Mwezi uliopita nilikabidhi vifaa. Dresa mpya alipokea mabomba, kipimajoto, jiwe la Apolinari ambalo sasa lina bonde katikati, na madaftari yote. Leokadia alikuwa kwenye foleni na mtoto wake wa tatu, ambaye hakuwa na ugonjwa mkubwa ila kelele. Kabla ya kukabidhi daftari la masika ile niliomba kalamu na rula. Lilikuwamo neno moja ambalo nililiacha mahali pake miaka yote, na sikuliacha kwa kusahau bali kwa kiburi. Nililikata upande wa kulia kwa mstari mmoja, nikaliandika upya upande wa kushoto: Homa hurudi jioni na alfajiri. Bibi Agata alikuwa ameona. Kisha, pale lilipotoka, chini ya Nimeambiwa, nikaandika mahali pake stahiki yale maneno ya barua: Kila saa sita.